Mapigo 50 kati ya milioni: kisa cha kimeng'enya cha Kornberg

Fungua friza ya maabara yoyote inayofanya PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi ndani ya tyubu, iwe Dar, Nairobi au Kampala, utakuta tyubu ndogo ya Taq, kimeng'enya kinachofanya unakili huo, iliyoandikwa "5 U/µl". Hiyo U ni yuniti, kipimo cha nguvu ya kimeng'enya. Maana yake imeandikwa kwenye ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, ambayo wengi wetu huitupa pamoja na plastiki: yuniti moja ni kiasi cha kimeng'enya kinachoingiza nanomoli 10 za nukleotidi (vipande vidogo vinavyounda mnyororo wa DNA), kwa dakika 30, kwenye DNA isiyoyeyuka katika asidi.

Kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo aliisoma karatasi hiyo huku mashine ikizunguka, kisha akaniuliza: "Kaka, hii asidi inatoka wapi? Mbona kwenye PCR hatuweki asidi? Na nusu saa ya nini, wakati sisi tunaipa dakika moja tu?" Nikamjibu kwamba ni mazoea ya zamani. Lilikuwa jibu la uvivu, na limenikera tangu siku hiyo. Nyuma ya asidi ile na nusu saa ile kuna kisa ambacho kila anayepima vimeng'enya angefaa kukijua. Kipimo kilifanya kazi yake vizuri kabisa, ila watu wakasoma ndani yake jambo ambalo hakikulisema.

Tui na machicha

Mwaka 1953, ule ule ambao Watson na Crick walitoa mfano wao wa DNA ya nyuzi mbili, Arthur Kornberg alihamia Washington University mjini St. Louis, Marekani, kuongoza idara ya mikrobiolojia. Alikuwa amesomea udaktari, akawa hata daktari wa meli wakati wa vita, lakini vimeng'enya vilikuwa vimeshamteka. Imani yake ilikuwa kwamba lolote seli inaloliweza, juisi ya seli iliyopondwa italiweza pia, mradi usiiharibu njiani. Kwa wengi wakati ule, kutengeneza DNA kulionekana ni kazi ya uhai wenyewe, na kuitafuta ndani ya tyubu kulifanana na ndoto.

Tatizo la kwanza la kazi kama hii ni namna ya kukiona unachokitafuta. Kimeng'enya hakionekani kwa macho, kinajulikana kwa kazi yake, kwa hiyo lazima uchague alama moja ya kazi hiyo na uikubali iwe shahidi wako. Kornberg alichagua kuyeyuka. Mnyororo mrefu wa DNA ukimwagiwa asidi baridi huganda na kuzama. Nukleotidi moja moja, na vipande vifupi sana, hubaki vimeyeyuka majini. Ni kama kukamua nazi kwa kifumbu: tui linapita, machicha yanabaki. Sasa chukua vipande vidogo vyenye mionzi, vichanganye na juisi ya bakteria, uache mchanganyiko kwenye nyuzi 37, kisha mwaga asidi baridi. Zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu, osha mashapo, yayeyushe, yagandishe tena, yaoshe tena. Halafu peleka mashapo kwenye kihesabio cha mionzi. Mionzi iliyonaswa kwenye machicha ni ya vile vipande vilivyofungwa kwenye mnyororo.

Hiyo ndiyo asidi ya kwenye karatasi ya Taq, na nusu saa nayo ni muda wa zama hizo.

Vipande vyenye mionzi vilipatikana jirani. Morris Friedkin, wa chuo hichohicho, alikuwa ametengeneza thimidini, kimoja cha vijenzi vya DNA, yenye kaboni 14. Bakteria walikuwa E. coli, wanaozaana haraka na hivyo lazima wawe na mitambo ya kutengeneza DNA kwa wingi. Kornberg akachanganya, akasubiri, akapima. Kati ya mapigo milioni ya mionzi aliyoweka kwenye tyubu, yaliyokutwa kwenye mashapo, juu ya yale ambayo kihesabio hutoa hata pasipo kitu, yalikuwa kama 50.

Hamsini kati ya milioni ni asilimia 0.005. Mtu mwingine angeimwaga tyubu hiyo kwenye sinki na kwenda kunywa chai.

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo ufundi ulipo. Kihesabio cha mionzi hakinyamazi kamwe, na mapigo yake huja kwa kubahatisha. Kanuni ya kazi hii ni kwamba kuyumba kwa hesabu ni sawa na kipeuo cha pili cha hesabu yenyewe. Tuseme, kwa mfano tu, tyubu tupu inatoa mapigo 100 na yako inatoa 150. Tofauti ni 50. Kuyumba kwa tofauti hiyo ni kipeuo cha pili cha 250, yaani karibu 16. Kwa hiyo 50 yako ni mara tatu ya kuyumba kwa bahati, nayo si haba. Lakini hata ikiwa hesabu ni ya kweli, bado haijasema mionzi imeingiaje kwenye mashapo. Huenda thimidini imenata tu kwenye protini iliyoganda. Huenda hukuosha vizuri. Nimewahi kufurahia "matokeo" wiki nzima, kumbe nilikuwa napima uchafu wa tyubu.

Dawa ya Kornberg ilikuwa rahisi, na mpaka leo ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii. Alichukua mashapo yale akayapa nukliasi ya DNA, kimeng'enya kinachokata DNA na kuacha protini na RNA vilivyo. Mapigo yakaondoka kwenye mashapo yakaenda majini. Kwa hiyo yale mapigo 50 yalikuwa yamekaa ndani ya DNA. Kitu kidogo kiasi hicho kikawa na utambulisho, na kikishakuwa na utambulisho unaweza kukifuata. Unagawanya juisi ya seli mafungu mafungu, unapima kila fungu, unashika lenye mapigo mengi, unaligawanya tena.

Hakukifuata mara moja. Mwaka 1955 Marianne Grunberg-Manago na Severo Ochoa, huko New York, walitangaza kimeng'enya kinachounganisha mnyororo wa RNA, na kwa muda Kornberg naye alivutwa na RNA. Aliporudi kwenye thimidini alirudi na Robert Lehman, kisha Maurice Bessman na Ernest Simms wakaingia kazini. Mapigo yakaanza kupanda.

DNA iliyowekwa kwa sababu nyingine

Ndani ya mchanganyiko ule walikuwa wameweka DNA isiyo na mionzi. Mawazo yalikuwa mawili. La kwanza, huenda mnyororo mpya unahitaji mwisho wa mnyororo mwingine wa kuendeleza. La pili lilikuwa la kiutendaji: juisi ya bakteria imejaa nukliasi, nazo zingekula bidhaa ile chache mara tu inapotengenezwa, basi bora ziwekewe DNA nyingine zishughulike nayo. Ni kama kumwagia kuku mtama pembeni ili asiguse nafaka uliyoanika.

DNA ile ilifanya hayo, ikafanya na mengine mawili ambayo hayakuwa kwenye mpango. Nukliasi zilipoikata zilitoa nukleotidi za aina nyingine tatu, na vimeng'enya vingine vya juisi ileile vikaziongezea fosfeti mpaka zikawa tayari kutumika. Mchanganyiko ule ulikuwa na thimidini tu ya kuwekwa kwa mkono, hizo nyingine zilikuja zenyewe. La pili ndilo kubwa zaidi: DNA ile ilikuwa kiolezo. Kimeng'enya kilikuwa kinaisoma na kuinakili.

Walipokisafisha waliona masharti yake waziwazi. Kilitaka nukleotidi zote nne zikiwa na fosfeti tatu tatu. Ukiondoa moja, kazi inaporomoka. Kilitaka magnesi. Kilitaka DNA ya kusoma, na DNA mpya ilifuata uwiano wa besi (herufi nne za DNA) wa ile ya zamani, iwe imetoka kwa bakteria, kwa virusi au kwa tezi ya thaimasi ya ndama. Kimeng'enya kinachopokea amri kutoka kwa kiolezo chake hakikuwa kimewahi kuonekana.

Makala mbili zilipelekwa kwa Journal of Biological Chemistry mwaka 1957, zikakataliwa. Baadhi ya wasomaji wa jarida hawakutaka bidhaa ile iitwe DNA mpaka ithibitishwe kuwa inabeba urithi. Zilichapishwa 1958, baada ya mhariri mpya, John Edsall, kuingilia kati. Mwaka 1959 Kornberg na Ochoa wakapewa Nobel kwa pamoja, Kornberg kwa DNA na Ochoa kwa RNA. Na mwaka 1967 Mehran Goulian, Kornberg na Robert Sinsheimer wakatumia kimeng'enya hicho, pamoja na ligasi ya kuunga ncha, kunakili DNA ya virusi φX174, yenye nukleotidi 5,386. Nakala iliyotoka kwenye tyubu iliweza kuambukiza bakteria na kuzaa virusi. Waliokuwa wakidai uthibitisho wa urithi waliupata wote.

Kwa hiyo swali la nani anayenakili DNA ndani ya E. coli lilionekana limefungwa. Vitabu vikakiita kimeng'enya cha Kornberg "polimerasi ya DNA", kwa umoja, kama vile ipo moja tu.

Hesabu iliyokataa

Ila kuna watu waliokuwa na hesabu nyingine mkononi. Mmoja ni John Cairns, Mwingereza, daktari aliyegeukia virusi, ambaye kwa miaka kadhaa aliongoza maabara ya Cold Spring Harbor karibu na New York. Mwaka 1963 Cairns alilisha E. coli thimidini yenye mionzi, akawapasua kwa upole, akalaza DNA yao juu ya filamu na kuiacha ijichore yenyewe kwa wiki nyingi. Ikatoka duara ya zaidi ya milimita moja, iliyokuwa imekunjwa ndani ya bakteria wa mikroni mbili hivi. Kwenye duara hiyo ilionekana panda, mahali ambapo nyuzi zinaachana na kunakiliwa.

Fanya hesabu hii kwenye karatasi. DNA ya E. coli ina jozi za besi karibu milioni 4.6. Kwa tunavyojua sasa, panda ni mbili na hukimbia pande mbili, na kazi nzima huchukua kama dakika 40. Kila panda basi ina milioni 2.3 za kusoma kwa sekunde 2,400: karibu 1,000 kwa sekunde. Kimeng'enya cha Kornberg kilichosafishwa kinaunga nukleotidi kati ya 10 na 20 kwa sekunde. Kwa kasi ya 15, panda moja ingemaliza baada ya sekunde 153,000 na ushee, yaani saa 42. Bakteria ambaye kwenye chakula kizuri anagawanyika kila dakika 20 angekuwa bado anangoja kesho kutwa.

Unaweza kujitetea kwamba kimeng'enya kilichotolewa nyumbani kwake huchoka, na ndani ya seli kina wasaidizi. Utetezi huo ni halali, nami ningeutoa. Njia ya kuupima ni kumtafuta bakteria asiye na kimeng'enya hicho. Kama ndicho kinachonakili DNA, bakteria huyo hawezi kuwapo.

Ugumu ni kwamba hakukuwa na njia ya mkato ya kumpata. Ukitafuta bakteria anayestahimili dawa, unaweka dawa, wengine wanakufa, anayebaki ndiye. Lakini asiye na polimerasi ana dalili gani? Hakuna aliyejua. Ilibidi kuchukua bakteria waliochokozwa kwa kemikali ya kubadili jeni, kuotesha kila koloni peke yake, kuwapasua, na kupima juisi ya kila mmoja kwa kipimo kilekile cha St. Louis: nukleotidi yenye mionzi, asidi, mashapo, mapigo. Safari hii wakitafuta tyubu isiyo na mapigo.

Kazi hiyo ilifanywa na Paula De Lucia, fundi wa maabara ya Cairns. Walipima maelfu. Aliyepatikana alipewa namba p3478. Uwezo wake wa kuunga DNA, kwa kipimo kile, haukufika asilimia 1 ya kawaida. Naye alikuwa akiota kwa kasi ya kawaida kabisa. Tofauti iliyoonekana ni kwamba ukimwanika kwenye mionzi ya urujuanimno alikufa kwa urahisi kuliko wenzake, kama mtu asiyeweza kuziba majeraha yake. Makala ilitoka katika Nature mwaka 1969, na jina la kwanza juu yake ni De Lucia. Jeni ikaitwa polA. Inasimuliwa kwamba jina hilo linamkonyeza Paula. Mimi napenda iwe kweli, maana ni nadra jina la anayeshika pipeti kubaki kwenye ramani ya kromosomu.

Mshtuko ulikuwa mkubwa. Kimeng'enya kilichopewa Nobel kama mnakili wa urithi kilionekana ni fundi wa viraka, na wapo walioanza kusema kwamba miaka 13 ya kazi ilikuwa njia ya upotevu.

Waliojificha nyuma ya kelele

Ukiwa na p3478 mkononi, swali linageuka: huyu ananakili kwa kitu gani? Na sasa kuna nafasi ya kukiona. Katika juisi ya E. coli wa kawaida, zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za mapigo hutoka kwa polimerasi ya Kornberg. Kingine chochote kinachounga DNA humo ni mnong'ono ndani ya ngoma. Kumwondoa mpiga ngoma ndiko kulikofanya mnong'ono usikike.

Kati ya waliousikia ni Thomas Kornberg, mtoto wa Arthur, mwanafunzi wa muziki, mpiga cello, aliyeingia maabara ya Malcolm Gefter huko Columbia mwaka 1970. Walipitisha juisi ya mutanti wa polA, yaani bakteria mwenye jeni hiyo iliyoharibika, kwenye kolamu ya fosfoselulosi, mrija unaotenganisha protini, wakakusanya matone yanayotoka chini kwa mpangilio na kupima kila fungu. Kukatokea vilele viwili, vimeng'enya viwili tofauti. Kile cha zamani kikabatizwa upya polimerasi I, hivi vikawa II na III. Maabara nyingine nazo zilikuwa zimeikuta II wakati uleule.

Vilele viwili kwenye kolamu bado havisemi nani ananakili. Kundi hilo halikutaka kurudia kosa la kuamini kilele kwa sababu kinaonekana. Yukinori Hirota alikuwa na mutanti wa E. coli wanaoishi vizuri kwenye joto la chini na kuacha kunakili DNA mara joto linapopanda. Kundi moja la mutanti hao lilikuwa na kasoro kwenye jeni iitwayo dnaE. Wakapima juisi zao: polimerasi II ilikuwa nzima, polimerasi III iliharibika kwa joto. Kipimo cha tyubu na tabia ya bakteria mzima vikashuhudia jambo moja, mwaka 1971. Mnakili ni III. Wakati wote alikuwamo ndani ya tyubu za St. Louis. Ni wachache mno, makumi tu kwa seli, dhidi ya mamia kadhaa ya polimerasi I.

Idadi si sababu pekee. Kipimo chenyewe kilikuwa na upendeleo. DNA ya ndama ilitayarishwa kwa kuikwaruza kidogo na nukliasi ili iwe na nyufa, kwa kuwa ilionekana kwamba hivyo mapigo yanapanda. Yalipanda kwa sababu polimerasi I huanzia kwenye nyufa, kazi yake ni nyufa. Polimerasi III pamoja na wasaidizi wake hupenda uzi mmoja mrefu wenye praima (kipande kifupi cha kuanzia), ikimbie bila kushuka. Kila mara walipoboresha kipimo ili kitoe mapigo mengi zaidi, walikuwa wanakiboresha kwa ajili ya fundi viraka. Mvuvi anayetega jarife la matundu makubwa hana ruhusa ya kusema bahari haina dagaa.

Nusu ya mbele, nusu ya nyuma

Kisa kingeishia hapa kingekuwa kizuri kwa Cairns na kibaya kwa Kornberg, na ndivyo kinavyosimuliwa mara nyingi darasani. Nadhani ni dhuluma, na sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya niandike.

Polimerasi I ni protini moja ya asidi amino 928 yenye kazi tatu. Inaunga nukleotidi. Inarudi nyuma kukata nukleotidi iliyowekwa kimakosa. Na kwa kipande chake cha mbele, asidi amino 323 za mwanzo, inakata uzi ulio mbele yake njiani, kama mtu anayeng'oa sakafu mbovu kwa mkono mmoja huku akiweka vigae vipya kwa mwingine. Kipimo cha asidi na mashapo kilikuwa kinahesabu kazi ya kwanza tu.

Mwaka 1970, Hans Klenow huko Denmark aliikata protini hiyo kwa subtilisini, kimeng'enya kinachokata protini. Ikagawanyika mahali palepale pa 323. Kipande cha nyuma kiliendelea kuunga DNA vizuri, hakikuwa tena na uwezo wa kung'oa uzi ulio mbele. Ndicho kile kipande cha Klenow kinachouzwa mpaka leo.

Na p3478? Baadaye jeni yake iliposomwa, ilikutwa na alama ya "simama" mahali pa asidi amino 342. Yaani bakteria huyo alikuwa anatengeneza kipande cha mbele, kile cha kung'oa, na kukomea hapo. Klenow alikuwa ameshika nusu ya nyuma kwa kisu, De Lucia alikuwa ameshika nusu ya mbele kwa mutanti, na kisu na mutesheni vilikata karibu mahali pamoja. Lehman na wenzake walionyesha mwaka 1973 kwamba kazi ya kung'oa ilikuwa bado ipo ndani ya mutanti wa polA, pamoja na tone la kuunga. Mwaka uliofuata Konrad na Lehman wakapata mutanti mwenye kasoro kwenye kung'oa kwenyewe. Huyo, joto likipanda, hufa.

Kwa nini afe? Kwa sababu polimerasi III, pamoja na mbio zake zote, huacha nyuma vipande vifupi vyenye praima za RNA kwenye uzi mmoja wa DNA. Lazima mtu apite akizing'oa na kuziba mapengo. Anayepita ni polimerasi I. Baadaye walifuta jeni nzima ya polA na kuona kwamba bakteria anaweza kuvumilia kwenye chakula duni, akijivuta polepole, lakini ukimweka kwenye chakula kizuri anakokimbizana na kugawanyika, hamudu. Kimeng'enya cha Kornberg kimo ndani ya kunakili DNA, isipokuwa kazi yake kubwa humo ni ile ambayo kipimo chake hakikuihesabu.

Angalia basi walivyosoma vibaya pande zote mbili kwa kipimo kilekile. Mwaka 1958 mapigo mengi yalisomwa "huyu ndiye mnakili". Mwaka 1969 ukosefu wa mapigo ulisomwa "mutanti huyu hana kimeng'enya, na hakihitaji". Mapigo yenyewe hayakukosea hata mara moja. Kila mara yalisema kwamba kwenye tyubu hii, kwa DNA hii, nukleotidi kiasi hiki zimeingia kwenye mashapo kwa nusu saa.

Ochoa, mwenzake wa Nobel, alipatwa na hali kali zaidi. Kimeng'enya cha RNA alichokigundua na Grunberg-Manago kiliunga mnyororo kwenye tyubu bila kuhitaji kiolezo chochote. Ndani ya seli kazi yake hasa ni kinyume: kuuvunja. Polimerasi halisi ya RNA ilipatikana mwaka 1960 katika maabara nyingine. Hata hivyo RNA bandia iliyotengenezwa kwa kimeng'enya hicho ndiyo wanasayansi Nirenberg na Matthaei waliyoitumia mwaka 1961 kusoma neno la kwanza la msimbo wa jeni. Nani athubutu kuiita hasara?

Tyubu mbili

Taq, inayotoka kwa bakteria wa maji ya moto, ni ndugu wa polimerasi I. Nayo ina kipande cha mbele kinachong'oa. Mwaka 1991 ilionyeshwa kwamba ukiweka kipande kifupi cha DNA chenye alama ya mionzi katikati ya njia yake, Taq itakikata inapopita, na kukata huko kunaweza kupimwa. Ndiyo kanuni ya probu, yaani vipande vya namna hiyo ila vyenye rangi badala ya mionzi, zilizotumika kwenye vipimo vingi vya PCR vya UVIKO-19 mwaka 2020. Mkunjo unaopanda kwenye skrini hauonyeshi DNA ikiungwa. Unaonyesha probu zikikatwa.

Baada ya miezi kadhaa, kazini kwetu, Taq tuliyoizoea iliisha tukaagiza nyingine kwa duka jingine, bei nafuu kidogo. Tukapanga sahani, kidhibiti chanya (sampuli tunayojua lazima itoe matokeo) mahali pake, tukasubiri. Mizunguko 40, mistari yote imelala chini kama barabara ya Dodoma. Tukalaumu probu. Tukalaumu sampuli. Mtu akalaumu umeme, maana kwetu umeme hulaumiwa daima. Mwishowe tukachukua kidhibiti tukakipitisha kwenye jeli: bendi hiyo hapo, nene, ukubwa sahihi. DNA ilikuwa imenakiliwa vizuri, ila hakuna probu iliyokatwa.

Yule kijana wa mafunzo ndiye aliyeitoa karatasi kwenye pipa na kuikunjua. Mistari miwili chini ya maelezo ya yuniti ilikuwa imeandikwa wazi kwamba kimeng'enya hiki kimeondolewa kipande cha mbele. Akaziweka tyubu mbili sambamba juu ya meza, ya zamani iliyokwisha na mpya iliyojaa. Zote mbili zilikuwa zimeandikwa 5 U/µl.